Dada wa Bukavu, Desemba hakuna nyangumi Watamu

Dada, usilipe! Umeandika kwamba Desemba hii utawapeleka watoto Watamu, pwani ya Kenya, wakapande boti ya kuona nyangumi, kisha ukauliza kuhusu hoteli, njia ya kupitia Kigali na nguo za kubeba. Mimi nilipofika kwenye neno Desemba moyo ulinishtuka, kwa sababu kosa hilohilo nililifanya mwaka 2018, nikitokea hapa Goma.

Dalali aliyenipangia safari alinitumia picha ya nyangumi akiruka juu ya maji, akaniapia kwamba Desemba ndiyo bora kwa kuwa bahari imetulia. Kuhusu bahari hakusema uongo, kwani kaskazi ikivuma maji ya kule huwa shwari karibu kama Kivu yetu asubuhi. Lakini nyangumi mwenye nundu hafuati utulivu wa maji. Sisi tunapoandaa Noeli, upande wa Antaktika ni kiangazi, naye yuko huko akijaza tumbo kwa kamba wadogo. Pwani hii yenye maji ya joto huijia kuzaa na kupandana, kuanzia Julai hadi Septemba hivi, wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka. Nililipa boti nzima, mabasi, na vyumba vya watu watano, akiba ya miaka miwili ya duka langu, kumfuata mnyama aliyekuwa maelfu ya kilomita kutoka pale. Mwanangu wa miaka tisa alikaa mbele ya boti kwa saa nne na darubini ya kuazima, akikataa hata kunywa maji asije akapitwa. Tuliona pomboo, ambao huonekana mwaka mzima, nao ni wazuri, lakini si wao aliokuwa ameahidiwa. Nahodha, aliyedhani tumewafuata hao pomboo, aliniuliza tukirudi: "Nani aliyekwambia nyangumi wapo sasa? Hao huja na kusi." Wavuvi wote wa pale wanalijua jambo hilo. Dalali naye alilijua, na hapo ndipo ninaposhindwa kumsamehe, maana angeniambia ukweli ningemlipa fedha zilezile miezi minane baadaye.

Ulizia mwezi kabla ya kuulizia bei, na umuulize anayeingia baharini, si anayeuza safari. Shule zetu hufungwa Julai na Agosti, majira yaleyale ya nyangumi, kwa hiyo sioni kwa nini uing'ang'anie Noeli. Mawimbi ya kusi yatawasumbua ninyi mliozoea ziwa, basi mmeze dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda. Mnyama wa mita 13 na zaidi akichomoka majini mbele ya watoto, hakuna atakayekumbuka tumbo. Na kama umeshatuma malipo ya awali, andika usiku huu huu, uombe tarehe ihamishwe hadi Agosti kabla fedha hazijatumika.