Nilivyomnyima Mama Chakula kwa Jina la Afya

Mama alipohamia kwangu Kisumu kutoka Nyakach, akiwa na umri wa miaka 74 na shinikizo la damu, niliamini kwamba kumlisha vyema ni kumkataza. Niliondoa mayai, nyama na mafuta, nikawa nampa sukuma wiki ya kuchemsha kwa ugali, na asubuhi chai ya rangi na mkate. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, hiki ni chakula cha wodini," akala vijiko vitatu, akasukuma sahani. Baada ya miezi minne nilimkuta akikaza sketi yake ya kanisani kwa pini kiunoni, na mizani ikaonyesha kwamba alikuwa ameshuka kutoka kilo 58 hadi 52.

Nilichokuwa sijui ni kwamba misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na kwamba mwili wa mzee huhitaji protini nyingi kuliko wa kijana mwenye uzito uleule: takriban gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ilhali kijana hukadiriwa gramu 0.8. Mwenye ugonjwa wa figo hahusiki na hesabu hii; huyo amsikilize daktari wake. Kwa Mama ilimaanisha gramu 52 au zaidi, na ukikumbuka kwamba yai moja lina gramu 6 hivi na glasi ya maziwa gramu 8, utaona jinsi chai ya rangi ilivyokuwa ikimdanganya tumbo.

Kilichotuokoa ni omena, wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria. Mama hana magego, na miiba ya samaki mkubwa humtia hofu, lakini omena huliwa mzima pamoja na mifupa yake, ambayo ina kalsiamu. Sokoni Kibuye huwa nauliza kwanza iwapo ilianikwa juu ya nyavu, kwa kuwa ile ya kuanikwa chini huja na mchanga ambao meno ya mzee hayausamehe. Naiosha kwa maji moto mara tatu, naikaanga kidogo na nyanya, kisha natia maziwa na kuiacha ichemke polepole hadi ilainike.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Wengi wetu husahau kwamba magadi tunayotia kwenye mrenda nayo yana sodiamu, kama chumvi, kwa hiyo nimeyapunguza, na ladha naitafuta kwenye limau na dania. Chai anakunywa saa moja baada ya chakula, kwani huzuia madini ya chuma ya mboga na maharagwe kufyonzwa. Maji nampelekea mwenyewe, maana kiu ya mzee huchelewa kubisha hodi.

Sasa ana kilo 55. Yai la asubuhi hujikaangia mwenyewe, kwa chumvi ambayo bado tunabishania.