Je, fukusi wa kunde hawawezi kujimaliza wenyewe?

SWALI

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mkulima wa Nachingwea, mkoani Lindi. Kunde nilizoweka akiba kwa ajili ya mbegu ziliingiwa na fukusi, nami nikatia kiganja kimoja katika chupa ya kioo ili wanangu watazame jinsi wadudu hao wanavyozaliana. Tuliona dume amempanda jike, na muda si mrefu jike akaanza kumpiga mateke kwa miguu ya nyuma mpaka wakaachana. Binti yangu, aliye kidato cha tatu, anasema amesoma kwamba dume huyo humjeruhi jike. Ikiwa ni kweli, mbona wadudu hawa hawajaisha, na mwenendo huo unawafikisha wapi baada ya vizazi vingi?

JIBU

Ndugu msomaji, binti yako amesema kweli, na mateke mliyoyaona ni nusu ya jibu. Kiungo cha uzazi cha dume wa fukusi wa kunde kina miiba midogo nchani, nayo hutoboa njia ya uzazi ya jike kwa ndani. Mwaka 2000 Helen Crudgington na Mike Siva-Jothy, watafiti wa Uingereza, walionyesha kwamba jike aliyezuiwa asipige mateke hupandwa kwa muda mrefu zaidi na hupata majeraha makubwa zaidi.

Usidhani kwamba dume hupata faida kwa kule kuumiza kwenyewe. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Uppsala, nchini Sweden, waliipunguza miiba hiyo kwa leza (kazi ya kinyozi mwenye subira, kwa mdudu mdogo kuliko punje ya mchele), wakakuta kwamba madume walionyolewa huzidiwa na wenzao katika kurutubisha mayai ya jike aliyepandwa na zaidi ya mmoja, kwa kuwa miiba husaidia majimaji ya dume kupenya mwilini mwa jike. Jeraha ni gharama ya ushindi huo, na anayeilipa ni jike. Dume hana sababu ya kumhurumia, maana mayai atakayotaga kesho huenda yakawa ya dume mwingine.

Hapo ndipo jike naye hubadilika. Majike wenye njia ya uzazi yenye kuta nene zaidi huumia kidogo, huacha watoto wengi, na watoto hao huirithi hali hiyo. Kisha madume wenye miiba inayozishinda kuta hizo ndio wanaofanikiwa, na mambo huanza upya. Ukilinganisha spishi za ukoo huu, utakuta kwamba pale ambapo madume wana miiba mikali zaidi, kwa kawaida majike nao wana kinga kubwa zaidi. Ni kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaovutana kamba: mpita njia huiona imetulia, akadhani hapana kazi inayofanyika.

Ili kuiona kazi hiyo, sharti upande mmoja ulegeze. Brett Holland na William Rice wa Marekani walifanya hivyo kwa vijinzi vya aina ile inayopenda matunda yaliyoanza kuchacha, kama mabibo yaliyolala chini ya mkorosho. Kwa makumi ya vizazi, kila jike alipewa dume mmoja tu, hata dume asiwe na mtoto ila kwa jike yule. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 1999, madume walikuwa wamepungua madhara, majike wamepoteza sehemu ya ustahimilivu wao, na jamii hiyo ikazaa vizuri zaidi kuliko ile iliyoachwa ishindane. Kumbe ugomvi huo ni mzigo unaobebwa na jamii nzima, ila uteuzi wa asili hauhesabu maslahi ya jamii, bali humpendelea anayeacha watoto wengi kuliko jirani yake.

Kunguni wamefika mbali zaidi: dume hulitoboa tumbo la jike, na jike ameota kiungo maalumu mahali pale panapotobolewa, kinachopunguza madhara ya jeraha na ya vijidudu vinavyoingia nalo. Wako pia wanaosema kwamba ugomvi huu huzaa spishi mpya. Mtafiti Göran Arnqvist na wenzake walikadiria mwaka 2000 kwamba koo za wadudu ambamo majike hupandwa na madume wengi hugawanyika kuwa spishi mpya kwa kasi ya takriban mara 4 ya zile ambamo jike hupandwa na dume mmoja tu, lakini uchunguzi wa mwaka 2002 juu ya mamalia, vipepeo na buibui haukuuona uhusiano wa namna hiyo. Mimi bado nalichukua dai hilo kwa tahadhari.

Basi fukusi wako hawatajimaliza. Jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo 100, na hata akipoteza nusu kwa majeraha, yanayobaki yanatosha kuharibu dumu lako la mbegu. Chupa ikiwa bado ipo, mwonyeshe binti yako vidoa vyeupe vilivyogandamana juu ya kunde. Hayo ndiyo mayai, na kila tundu la mviringo ni mlango aliotokea mmoja wao.