Gharama ya kaboni kwenye vibali vya umeme: namba inaingia wapi kwenye hesabu?

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza kama hii "gharama ya kijamii ya kaboni" wanayoitumia Wamarekani wanapopima mitambo ya umeme ni kodi ya mlango wa nyuma, na kama inafaa huku kwetu. Mimi niko jimbo la Minnesota, Marekani, na riziki yangu kwa miaka kadhaa imetokana na kupiga hesabu za mipango ya umeme inayopelekwa kwa Tume ya Huduma za Umma ya jimbo. Najibu kwa upande huo.

Kodi siyo. Hakuna anayelipa hiyo pesa popote. Kampuni ya umeme huleta mpango wa miaka 15, na programu ya kompyuta inatafuta mchanganyiko wa mitambo wenye gharama ndogo. Sheria ya jimbo ya mwaka 1993 inataka kwenye hesabu hiyo uongeze na hasara ambayo hewa ukaa itawasababishia watu wengine: mavuno, afya, mafuriko. Hiyo ndiyo gharama ya kijamii ya kaboni: pesa ya kwenye karatasi, kazi yake ni kusaidia kuchagua. Mteja ataguswa endapo mtambo uliochaguliwa ni ghali zaidi kuujenga na kuuendesha, basi.

Sasa namba zenyewe. Mwaka 1997 Tume iliweka kati ya senti 30 na dola 3.10 kwa tani ya hewa ukaa. Mtambo wa makaa ya mawe hutoa takriban tani moja kwa kila uniti 1,000, kwa hiyo hata ukichukua dola 3.10 umeongeza theluthi ya senti kwa uniti. Makaa hayakutikisika hata kidogo. Mwaka 2017 wakapandisha hadi kati ya dola 9.05 na 42.46, na ukichukua hiyo 42.46 ni zaidi ya senti nne kwa uniti. Hiyo inaweza kuhamisha mtambo kutoka nafasi ya kwanza hadi ya mwisho kwenye orodha. Mwaka 2023 shirika la mazingira la serikali kuu, EPA, likatoa dola 190. Washington wenyewe hawatulii: dola 51 mwanzoni mwa utawala wa Biden, dola chache tu kabla yake, muhula wa kwanza wa Trump, na Januari 2025 Trump akavunja kabisa kamati iliyokuwa ikikokotoa.

Watu wakiona namba inaruka hivyo wanasema ni uongo mtupu. Nawaelewa, ila chanzo kikubwa cha kuruka huko kinajulikana. Chukua hasara ya dola milioni moja itakayotokea miaka 100 ijayo. Wachumi huhesabu pesa ya baadaye kuwa na thamani ndogo kuliko ya leo; ukiishusha kwa asilimia 2 kila mwaka, leo ni kama dola 138,000. Kwa asilimia 3 ni 52,000. Kwa asilimia 7 ni dola 1,150, hela ya simu. Sayansi ya hali ya hewa ni ileile, umebadilisha kisanduku kimoja tu kwenye Excel. Muhula wa kwanza wa Trump walitumia asilimia 3 na 7, tena wakahesabu hasara za ndani ya Marekani peke yake, kana kwamba moshi una pasipoti. Kwa hiyo ukiletewa ripoti ya mradi, kabla hujabishana kuhusu vimbunga, uliza wametumia asilimia ngapi na hasara za nani.

Kabla ya uamuzi wa 2017 kulikuwa na kesi ndefu mbele ya jaji wa utawala, yaani jaji anayesikiliza mashauri ya vyombo vya serikali kama Tume. Kampuni ya makaa ya mawe ya Peabody ilileta maprofesa, akiwemo William Happer wa Princeton, kusema kwamba hewa ukaa ina faida kuliko hasara. Mwaka 2016 jaji akasema hawakuthibitisha. Ninachokipenda pale ni kwamba walihojiwa chini ya kiapo, kila upande ukiuliza. Kwenye televisheni hupati hiyo.

Lakini kwa uzoefu wangu, vita kubwa haiko kwenye ukubwa wa namba. Iko kwenye hatua ambayo namba inaingizwa. Niliwahi kupitia mpango wa kampuni moja ambao mwanzoni ulichuja mitambo yote huku gharama ya kaboni ikiwekwa sifuri. Upepo mwingi na betri zikakatwa hapo. Zikabaki njia tatu, zote zina gesi, ndipo wakabandika gharama ya kaboni na kutangaza kwamba hata ukiihesabu, gesi inashinda. Itashindwaje, na washindani wameshatolewa nje ya uwanja? Tuliomba programu iendeshwe upya na kaboni ikiwemo tangu mwanzo, na orodha ikabadilika. Kama una nguvu ya kuuliza swali moja tu kwenye kikao cha hadhara, uliza hilo.

Na siasa ipo. Mwaka 2017, mwaka uleule wa zile dola 42.46, bunge la Minnesota liliipa kampuni ya umeme ya Xcel ruhusa ya kujenga mtambo wa gesi kwenye mji wa Becker bila kupitia kibali cha Tume. Mwaka 2021 Xcel wenyewe wakauacha.

Kwetu? Kenya, leseni ya mtambo wa makaa wa Lamu ilifutwa Juni 2019 na baraza la rufaa za mazingira, kwa kasoro za kuwashirikisha wananchi na kwa kutoizingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Haikuhitajika bei ya tani. Kwa Tanzania mimi ningeitumia namba, ila si kunakili dola 190 na kuipiga muhuri. Ingepimwa dhidi ya kile ambacho mtambo unachukua nafasi yake. Gesi ya Songo Songo ilipofika Ubungo mwaka 2004 iliondoa mafuta, na hapo hesabu ya kaboni inaipendelea gesi. Gesi hiyohiyo ukiilinganisha na bwawa au jua, matokeo yanaweza kugeuka. Anayetaka jedwali la zile hesabu za asilimia 2, 3 na 7 aseme, nitaliweka hapa.