Alpe d'Huez mara mbili si marudio

Mnaosema Tour de France 2026, mbio za baiskeli za Ufaransa, imeishiwa milima kwa sababu hatua zake za siku mbili mfululizo zinamalizikia mlimani Alpe d'Huez, tazameni ramani tena. Siku ya kwanza ni zile kona 21 tunazozijua za barabara ya kupanda Alpe d'Huez. Kesho yake, hatua ya 20, waendeshaji wanavuka milima ya Croix de Fer, Télégraphe na Galibier (mita 2,642!), kisha wanafika kwa kupitia nyuma, Sarenne, kibarabara chembamba ambacho mwaka 2013 walikiteremka na waendeshaji kadhaa wakalalamika. Sasa wanakipanda, miguu imeshakwisha. Lalamiko la mbio za mtu mmojammoja dhidi ya saa kuwa moja tu nalikubali, hapo mna haki. Ila mimi hatua ya 20 siikosi kwa lolote.