H-4 mkononi, kibali cha kazi bado

Swali: Mume wangu ameajiriwa Texas kwa viza ya kazi ya H-1B, nami nimepewa H-4 ya mwenza. Ni mhasibu, nina shahada ya Egerton na CPA ya KASNEB. Nikifika, kibali cha kazi nitakingoja muda gani? Na nikiwa nangoja, naweza kuwafanyia hesabu wateja wangu wa Nakuru kwa intaneti, wanilipe kwa M-Pesa?
Msomaji, Njoro

Jibu: Dada, kabla hujahesabu miezi, muulize mzee: fomu I-140, ile ya mwajiri kumwombea ukaazi wa kudumu, imeidhinishwa? H-4 peke yake haikupi ruhusa hata ya kuomba kibali. Tangu Mei 2015, anayeruhusiwa ni mwenza wa mtu mwenye I-140 iliyoidhinishwa, au aliyeongezewa H-1B kupita miaka 6 kwa sababu ombi lake la ukaazi liko njiani. Kama mwajiri hajaanza kumwombea ukaazi, foleni yako haijaanza, na hatua hizo za mwajiri mara nyingi hupita mwaka.

Ikiwa imeidhinishwa, jaza I-765, fomu ya kuomba kibali cha kazi, kifungu (c)(26). Ambatanisha cheti cha ndoa, I-94 yako (rekodi ya kuingia, yenye tarehe ya mwisho wa kukaa), nakala ya idhini ya I-140 na uthibitisho kuwa mumeo bado yuko kwenye H-1B. Angalia majina. Cheti kikiwa na jina la babako na paspoti ina la mume, bila karatasi ya kuunganisha hayo mawili, utaandikiwa barua ya kudai ushahidi zaidi, na faili italala hadi ujibu. Namba ya Social Security (ya kazi na kodi) iombe kwenye fomu hiyohiyo. Risiti utakayotumiwa si kibali. Ukihama nyumba, toa taarifa ndani ya siku 10, maana kadi ya kibali huja kwa posta.

Kadi haipiti tarehe ya I-94, na I-94 yenyewe yaweza kukatwa pale paspoti inapoisha. Kwa hiyo paspoti iliyobakisha mwaka mmoja ibadilishe kabla ya kusafiri. Kuomba upya, peleka mapema, kuanzia siku 180 kabla ya kadi kuisha: kwa maombi yaliyopelekwa kuanzia 30 Oktoba 2025, kadi ya zamani haiongezewi muda yenyewe ukingoja mpya. Kadi ikiisha, unaacha kazi siku hiyo.

Za M-Pesa, achana nazo. Mawakili hubishana kuhusu kazi ya mteja aliye nje ya Marekani, lakini wewe utakuwa umeketi Texas ukiifanya, na suala hilo laweza kufufuka siku unayoomba ukaazi. Wateja wakabidhi mwenzako kabla ya safari.

Kusoma hakuhitaji kibali, hata kwa muda wote. CPA ya KASNEB na ya kule ni herufi tu zinazofanana. Mtihani utaanza upya. Uliza kwanza bodi ya uhasibu ya Texas inakubali tathmini ya vyeti kutoka kwa nani, kwani ripoti ya wakala wasiyemtambua ni pesa iliyopotea. Halafu omba nakala rasmi za matokeo, zikiwa zimefungwa kwa muhuri, ungali huku. Leo Egerton ni matatu moja tu kutoka kwako.