Fundi Anajibu: Chaja imechomekwa, betri haipandi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kilosa. Nina laptopu ya Dell Latitude E6440 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Waya wa chaja yake ulitafunwa na panya, nikaenda kununua nyingine Morogoro mjini. Muuzaji alinihakikishia kuwa inaingia, na kweli inaingia. Tangu siku hiyo laptopu inawaka nikiichomeka, lakini betri imegandia asilimia 7, na nikibofya alama ya betri naambiwa imechomekwa ila haichaji. Umeme ukikatika tu na kazi imeishia hapo. Tena imekuwa nzito, hata faili la matokeo la Excel linafunguka kwa kusuasua. Kila nikiiwasha yanatokea kwanza maandishi meupe ya Kiingereza. Nabonyeza F1, inaendelea. Fundi wa hapa amesema betri imekufa, ninunue mpya. Mwalimu mwenzangu anasema ni umeme wetu mdogo. Nianze na lipi?

JIBU: Mwalimu, pesa ya betri ishikilie kwanza. Betri iliyochoka kwa kawaida haifanyi laptopu iwe nzito, na wewe mwenyewe umesema uzito ulikuja na chaja mpya. Hayo maandishi meupe unayoyaruka kwa F1 yanasema kwamba kompyuta imeshindwa kutambua aina ya chaja na wati zake, kwa hiyo betri huenda isichajiwe, na mashine itapunguza kasi ilingane na umeme inaoupata. Malalamiko yako yote yamo humo humo.

Ichomoe chaja ukutani, kisha mulika ndani ya kichwa chake kwa tochi ya simu. Utaona bomba la chuma, na katikati yake pini nyembamba kama sindano. Umeme wa kuendesha mashine, volti 19.5, unapita kwenye bomba: chanya upande wa ndani, hasi upande wa nje. Pini ile ya katikati ina kazi nyingine. Ndani ya chaja halisi ya Dell kuna chipu ndogo iliyohifadhi maelezo ya chaja, na kompyuta huyasoma kupitia pini hiyo mara tu unapochomeka. Ikisoma ikakuta ni chaja ya wati 65 au 90, inaruhusu betri ichajiwe. Isiposoma kitu, haina namna ya kujua chaja inaweza kubeba mzigo kiasi gani, basi inajihami: inawaka, inapunguza kasi ya prosesa (ubongo wa kompyuta), na betri inaiacha ilivyo.

Ndiyo maana chaja yaweza kuandikwa volti 19.5 na ampea 4.62, ambazo ni wati 90, ikaingia vizuri, ikapimwa na multimita (kipimo cha umeme cha mafundi) ikaonekana nzima, na bado betri isipande hata asilimia moja. Chaja nyingine za bei nafuu hazina chipu kabisa. Nyingine zinayo, ila pini imepinda au imezama, au kiwaya chake chembamba kimekatika pale waya unapoingia kwenye kichwa, mahali ambapo watu hupakunja wakifunga chaja kuiweka begini. Kama ukiutikisa waya hapo betri inaanza kuchaji halafu inaacha, basi umepata mkato wako.

Hapa niwaombe mafundi wenzangu jambo moja. Mnapopima kichwa cha chaja ya namna hii, ncha ya multimita isiiguse pini ya katikati huku imegusa pia ukuta wa ndani wa bomba. Zile volti 19.5 zikiingia kwenye njia ya chipu, mnaiua hapo hapo, na mteja anaondoka na chaja mbovu aliyokuja nayo ikiwa nzima.

Kuhusu umeme mdogo, geuza chaja usome maandishi yake. Utakuta volti 100 hadi 240. Umeme wa kwenu ukishuka kutoka 230 hadi 180, chaja kama hiyo inaendelea na kazi. Ekstensheni iliyolegea ni suala lingine, kwa hiyo wakati wa kujaribu chomeka moja kwa moja ukutani.

Sasa fanya hivi. Zima laptopu, chomoa chaja, toa betri (ya E6440 inatoka kwa kusukuma vibana vya chini, huhitaji bisibisi), kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama nusu dakika. Hiyo inaondoa umeme uliobaki kwenye bodi, maana mara nyingine chipu inayosimamia kuchaji huganda tu. Rudisha betri, chomeka chaja, washa, na nembo ya Dell ikitokea bonyeza F2. Tafuta ukurasa wa taarifa za betri. Hapo utaona hali ya betri na aina ya chaja iliyochomekwa. Ikionyesha wati, chaja imetambuliwa. Ikisema haijulikani, azima chaja halisi ya Dell yenye kichwa cha ukubwa uleule na wati zisizopungua 90, rudia tena. Kilosa hapakosi ofisi yenye Dell ya zamani.

Chaja ya kuazima ikitambuliwa, kazi imekwisha: tatizo ni ile uliyouziwa. Ukienda kununua nyingine nenda na laptopu yenyewe, iwashe pale pale dukani, ingia F2, uone wati kwa macho yako kabla hujatoa hela. Muuzaji anayekataa usijaribu, mwache na chaja yake. Neno "inaingia" halithibitishi chochote kwenye chaja hizi.

Hata ya kuazima isipotambuliwa, huenda tundu la chaja kwenye laptopu ndilo limechoka. Usikubali haraka kuambiwa bodi imekufa. Kwenye modeli yako tundu hilo liko kwenye waya wake mfupi uliochomekwa kwenye bodi. Fundi anabadilisha waya huo bila kuchomea kitu. Mwambie aanze na huo.

Utakutana na mtu wa kukuonyesha kitufe cha F3, maana kwenye ukurasa ule wa maandishi meupe ukikibonyeza onyo halirudi tena. Usikibonyeze. Wapo wanaowaondolea wateja onyo hilo na kuita matengenezo, na mashine inabaki nzito na betri tupu vilevile.

Kama chaja imetambuliwa na betri bado haipandi, hapo ndipo tuigeukie betri yenyewe. Ndani ya Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuonyesha ilipohifadhi ripoti. Ifungue kwa kivinjari. Tafuta namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Betri ya seli sita ya modeli yako ilitoka na takriban mWh 65,000 (mWh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi). Ukikuta sasa hivi inajaa hadi 40,000, imechoka lakini kwa kazi za mwalimu bado inakufaa. Ukikuta 12,000, nunua nyingine bila majuto.

Wanaoniandikia kwamba betri zao zinagoma zikifika 80 nao waingie F2. Laptopu nyingi zilizotumika zilitoka maofisini, na kuna sehemu ya mipangilio ya kuchaji ambapo mtu huweka kikomo ili betri idumu. Irudishe kwenye hali ya kawaida, itajaa. Betri haina ubovu.

Na Mwalimu, usiliache jambo hili hadi likizo. Betri ya lithiamu inayokaa karibu tupu huendelea kushuka polepole hata ukiwa huigusi, na ikishuka mno saketi yake ya ulinzi huikatalia kuchajiwa. Hapo ule ushauri wa kununua betri mpya utakuwa wa kweli, na betri iliyokuwa nzima itakuwa imekufa kwa sababu ya chaja. Wakikwambia uiweke kwenye friza, kataa, unyevu utaiharibu. Na wakikwambia uimalize kabisa ndipo uchaji, hayo yalikuwa mambo ya betri za nikeli za zamani.

SWALI: Shikamoo fundi. Laptopu ya mwanangu aliyeko chuo imeinuka pale pa kuchezeshea kishale kwa kidole, kubofya kumekuwa kugumu. Betri inachaji mpaka 100 na inakaa na chaji vizuri. Aendelee kuitumia hadi afunge chuo? Mama, Tanga.

JIBU: Marahaba mama. Asiendelee hata leo. Betri yake imevimba: gesi imejaa ndani ya seli bapa zilizo chini ya hapo, na zinasukuma juu. Kwamba bado inakaa na chaji hakumaanishi ni salama. Mpigie aizime, achomoe chaja, asiichaji tena. Asiikandamize irudi chini na asiitoboe kutoa hewa, maana seli ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Akisikia harufu kama ya rangi ya kucha, au ikianza kupata joto yenyewe, aitoe nje mbali na watu. Vinginevyo ailaze kwenye sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia, mpaka aipeleke kwa fundi, na njiani isiwekewe mzigo wowote juu yake. Betri ikishatolewa, laptopu nyingi huwaka kwa chaja peke yake, kwa hiyo kazi zake za chuo anaweza kuziendeleza huku akitafuta nyingine. Ile iliyovimba aiache kwa fundi aliyeitoa, isiende kwenye jaa wala kwa wachoma taka.