Maswali na Majibu: Viwanda na Biashara Kanda ya Ziwa

Nina lori moja Sengerema, nabeba mananasi na viazi vitamu kwenda Mwanza. Tangu daraja lifunguliwe nafikiria kukopa ninunue la pili. Unashauri nini?

Subiri kidogo, ndugu yangu. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 na likamaliza foleni ya kivuko iliyokuwa ikila faida yako. Lakini foleni imeisha kwa kila mwenye lori, kwa hiyo ushindani unakuja. Kabla hujakopa, tafuta kwanza mzigo wa kurudi: saruji, mabati, soda. Lori linalorudi tupu halilipi mkopo.

Nauza dagaa kwa gunia pale Mwaloni, Kirumba. Nataka kufungasha paketi ndogo za madukani. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kukausha, mama, paketi baadaye. Dagaa walioanikwa mchangani huvutia kwa macho, ila mteja akitafuna mchanga mara moja tu, harudi. Waanike kwenye vichanja vya nyavu, hewa ipite juu na chini, na turubai liwe karibu. Masika ndiyo yanayofilisi watu: dagaa hawakauki, wanaharibika, wanaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mwenye kichanja na turubai hubaki na dagaa wa kuliwa wakati wenzake hawana.

Kisha nenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, pale Nyakato. Wanafundisha usindikaji na ufungashaji, na watakuelekeza namna ya kuomba alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Hiyo alama inatambulika Afrika Mashariki yote. Ukivusha mzigo Sirari au Mutukula, na thamani yake haizidi dola 2,000, omba cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachothibitisha kuwa bidhaa imetoka ndani ya Afrika Mashariki, hapo hapo mpakani. Wengi hawakiombi, wanalipa ushuru wasiodaiwa, na inaniuma kila nikisikia.

Mtaji? Jiungeni kikundi muombe mkopo wa halmashauri usio na riba. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo hiyo, asilimia 4 ni za wanawake.

Nafanya kazi kiwanda cha minofu. Wiki nyingine tunarudishwa nyumbani, samaki hakuna. Hali itabadilika?

Mashine zipo, kijana wangu, sangara ndiye haba. Anayevua au kununua sangara wa chini ya sentimita 50 anakata zamu yako ya mwakani, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Vizimba vya kufugia samaki ziwani vinaongezeka, ni kweli, lakini humo wanafugwa sato. Pengo la sangara halitazibwa nao haraka.

Nikodi ghala karibu na reli ya kisasa, SGR?

Bado. Ujenzi wa kipande cha Mwanza–Isaka, kilomita 341, ulianza 2021. Kodi ghala siku treni ya mizigo itakapoanza kubeba.

Tunalima pamba hapa Magu, tunavaa mitumba. Kwa nini?

Kwa sababu pamba nyingi iliyochambuliwa huuzwa nje ikiwa ghafi. Kiwanda cha kuchambua pamba hufanya kazi miezi michache kwa mwaka, na kusokota na kufuma kunataka mtaji mkubwa na umeme usiokatika. Mwanza tulikuwa na kiwanda cha nguo cha MWATEX, tunajua inavyowezekana na inavyoanguka. Ila kwa mtaji wa kikundi au AMCOS, yaani chama cha ushirika wa wakulima, nafasi iko kwenye mbegu: ukikamua unapata mafuta ya kula, na mashudu wafugaji wanayagombania kiangazi. Ulizeni bei ya mashine ya kukamua kabla msimu wa Mei haujafunguliwa.